Unapangisha nafasi, hutunzi mzigo: jinsi ya kuendesha biashara ya stoo za kupangisha

Watu wengi wakisikia biashara ya stoo wanawaza ghala, yani mtu analeta mzigo, unaupokea, unauhesabu, unampa karatasi, akirudi unamtolea. Hiyo ni biashara nyingine kabisa na ina kesi zake. Hii ninayoiongelea hapa unakata jengo vyumba vidogo vidogo, mteja anachukua chumba chake, anafunga kufuli lake mwenyewe, ufunguo anaondoka nao, afu kila mwezi analipa kodi ya hicho chumba. Kilichomo ndani hujakipokea, hujakihesabu, hukijui. Wamarekani ndio walioianza kwa mtindo huu wa sasa, miaka ya 1960 kule Texas, na mpaka leo msingi wake ni uleule: unapangisha nafasi, hutunzi mzigo.

Nalisema mapema kwa sababu mambo mengi yanatoka hapo, mkataba, kufuli, bima, hata namna unavyomjibu mteja kwenye simu. Siku utakayomwambia mtu "niachie tu ufunguo nitakuangalizia" umeshatoka kwenye kupangisha umeingia kwenye kutunza, na kitu kikipotea wa kuulizwa ni wewe, manake kwenye nchi nyingi aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze anabeba wajibu mzito kuliko mwenye nyumba aliyepangisha chumba tu. Kwaiyo ufunguo wa mteja usiushike, hata nusu saa, hata akiwa rafiki yako wa siku zote.

Nani anapanga stoo

Kabla ya kutafuta jengo jua kwanza nani atakuja. Mteja wa nyumbani anakuja kwa sababu kuna kitu kimebadilika kwenye maisha yake: anahama, ndoa imevunjika, mzazi amefariki na nyumba imejaa vitu ambavyo ndugu hawajakubaliana wavifanyeje, anakarabati nyumba, amepata kazi nchi nyingine, au amehamia nyumba ndogo na kabati halipiti mlangoni. Huyu mtu hakupanga kuja kwako, mwezi uliopita hakuwaza hata kama stoo za kupangisha zipo. Sa hivi anaitaka ndani ya wiki hii, anatafuta kwenye simu, anapiga namba mbili tatu, na anachukua iliyo karibu na aliyejibu vizuri. Ndio maana stoo kubwa nzuri iliyo mbali inazidiwa na ya kawaida iliyo kilomita chache kutoka watu wanapoishi. Tafuta eneo lenye nyumba nyingi za kupanga na nafasi ndogo za ndani, barabara inayoonekana, na kiwanja ambacho gari la mzigo linaweza kuingia na kugeuza bila kurudi kinyumenyume mpaka barabarani.

Halafu kuna mteja wa biashara: anayeuza vitu mtandaoni na sebule yake imegeuka duka, fundi mwenye mashine zake, wapambaji wa sherehe wenye viti na mahema, ofisi zenye mafaili ya zamani ambayo hawaruhusiwi kuyachoma bado. Hawa wanakaa muda mrefu na wengi wanalipa kwa wakati, ila wanaingia na kutoka kila siku, wanachosha milango na korido na mlinzi wako. Mchanganyiko wa wote ndio mzuri, ukitegemea kundi moja siku likiyumba unayumba nalo.

Kupima soko sio lazima umlipe mtaalamu. Jifanye mteja, piga simu kwa wote wenye stoo kwenye eneo lako, ulizia chumba kidogo, cha kati na kikubwa. Sikiliza kipi wanakwambia kimejaa. Wote wakisema vidogo hamna ila vikubwa vipo, hapo umeshapewa ramani ya nini cha kujenga. Ongea pia na madereva wa magari ya kuhamisha mizigo na madalali wa nyumba, hao ndio wa kwanza kusikia mtu akilalamika hana pa kuweka vitu vyake, na baadae hao hao ndio watakuletea wateja ukiwapa kamisheni yao bila kuwazungusha.

Jengo: sakafu, maji na panya

Sio kila jengo tupu linafaa. Nyumba ya kuishi kwa kawaida sakafu yake ya juu inabuniwa kubeba kama kilo 150 mpaka 200 kwa kila mita ya mraba, wakati stoo nyepesi inahitaji kama kilo 600. Mtu akijaza maboksi ya vitabu mpaka juu kwenye chumba cha ghorofani hapo ndio utajua tofauti, kwaiyo kama unachukua ghorofa mtafute mhandisi aangalie michoro, usikadirie kwa macho. Ghorofa ya chini haina presha hiyo na ndio inayopangika haraka, watu hawapendi ngazi. Ukiwa na ghorofa bila lifti ya mzigo vyumba vya juu viweke bei ya chini, vinginevyo vitakaa wazi.

Hesabu yako ya eneo isiwe ya jengo zima. Ukishatoa korido, ngazi, ofisi, choo na sehemu ya kushushia mzigo, kwenye jengo la ndani unabaki na kama asilimia 65 mpaka 75 tu ya kupangisha. Wengi wanachukua mita za mraba zote wanazidisha na kodi, wanaona utajiri, wanaenda benki. Korido nayo usiibane ili uongeze vyumba viwili, acha kama mita 1.5 ili toroli lenye kochi lipite na mtu mwingine aweze kupishana nalo.

Maji ndio adui namba moja kuliko hata mwizi. Mwizi atavunja chumba kimoja au viwili, paa likivuja au maji yakiingia chini ya mlango umeharibu vitu vya watu kumi usiku mmoja. Nenda ukaangalie jengo siku ya mvua kubwa kabla hujasaini chochote. Sakafu iwe juu kidogo kuliko ardhi ya nje na mifereji ya kutoa maji iwepo. Unyevu wa hewa pia, ukizidi asilimia 65 hivi kwa muda mrefu ukungu unaanza kuota kwenye magodoro, nguo, ngozi na karatasi, kwaiyo nunua vile vipimo vidogo vya unyevu uvitundike kwenye korido, sio ghali. Wape wateja paleti za mbao waweke mzigo juu yake na waambie waache nafasi ya kiganja kati ya mzigo na ukuta ili hewa ipite.

Panya mdogo anapita kwenye tundu la milimita 6, yani penseli ikipita na yeye anapita. Ziba pembeni za milango na penye mabomba kwa wavu wa chuma au sementi, sponji na matambara hayazuii kitu. Kama ni sehemu yenye mchwa piga dawa kwenye msingi kabla hujajenga kuta za ndani, baada ya hapo vyumba vimejaa vitu vya watu na vimefungwa, utaingiaje?

Wengi wanaanzia na makontena na mi naona ni njia nzuri ya kupima soko, hujengi, ukifeli unayauza. Kontena la futi 20 kwa ndani lina urefu kama mita 5.9, upana 2.35 na kimo karibu 2.4, linatosha vitu vya nyumba ya wastani au unaligawa kati kwa ukuta wa mbao na kuweka mlango wa pili upande wa nyuma ukapata vyumba viwili. Ila kontena tupu la chuma likikaa juani mchana linageuka jiko, usiku likipoa hewa ya ndani inatoa matone ya maji yanayojikusanya darini na kudondoka kwenye mzigo. Lipake rangi nyeupe juu, ongeza matundu ya hewa, ukiweza weka kitu cha kuzuia joto kwenye dari, na liinue juu ya matofali lisikae kwenye udongo. Na kontena kuukuu ingia ndani ujifungie mchana, ukiona mwanga mahali popote pana tundu.

Kuta za kugawa vyumba watu wanatumia mabati au paneli za chuma, mbao zinashika moto na mchwa. Hazihitaji kufika darini kabisa, juu unaweka wavu wa chuma ili hewa na moshi vipite lakini mtu asipande kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Umeme ndani ya chumba usiweke soketi hata moja. Ukiweka, baada ya miezi miwili kuna mtu anachomelea, mwingine ana friji, na mwingine analala humo. Taa ziwe za korido, zile zinazojiwasha mtu akipita.

Vyumba vya ukubwa gani

Saizi zinazotumika sana ni mita 1.5 kwa 1.5, 1.5 kwa 3, 3 kwa 3, na 3 kwa 6. Ya kwanza ni ya masanduku, mabegi na baiskeli, ya 3 kwa 3 inachukua vitu vya nyumba ya chumba kimoja au viwili, ya 3 kwa 6 ni nyumba nzima au gari. Chumba kidogo kwa kila mita ya mraba kinakulipa zaidi ya kikubwa, hiyo ni kawaida karibu kila mahali, ila kina milango mingi zaidi, wateja wengi zaidi na simu nyingi zaidi. Usijenge vyote vidogo kwa tamaa. Na tumia kuta za kufungua kwa bolti, ili ukiona vya 3 kwa 3 vinakaa wazi na vya 1.5 kwa 3 vina foleni unaweka ukuta wa kati na mlango mwingine mambo yanaendelea.

Ukiongea na mteja usimwambie mita za mraba, hazimwambii kitu. Muulize ana nini: vitanda vingapi, friji, kochi la watu wangapi, maboksi mangapi, afu wewe ndio umwambie saizi. Mteja akichukua kikubwa kuliko anachohitaji atagundua mwezi wa pili na atakasirika, akichukua kidogo atarudi siku hiyo hiyo na gari limejaa nje.

Bei, na ile asilimia inayodanganya

Biashara hii haijai haraka, wazoefu wanahesabu miaka 2 mpaka 4 kufika kujaa kwa kawaida, kwaiyo kama una mkopo hakikisha unaweza kuubeba ukiwa nusu tupu. Kabla ya yote piga hesabu ya gharama zako za mwezi, kodi ya jengo au rejesho la benki, mlinzi, umeme, bima, mtu wa ofisini, matangazo, kodi za serikali, ujue ni vyumba vingapi vikilipa ndio unarudisha hela.

Asa hapa kuna mtego. Tuseme una vyumba 50 kila kimoja kodi 100, vikijaa vyote ni 5,000. Vimepangwa 45, unajisifu uko asilimia 90. Lakini kati ya hao 45, wapo 6 hawajalipa na wengine 5 wapo kwenye ofa ya nusu bei. Waliobaki 34 wanakupa 3,400, wa ofa 250, jumla 3,650. Mfukoni uko asilimia 73. Namba ya kuiangalia kila mwezi ni hii ya pili, ile ya kwanza inakupa usingizi mzuri tu.

Ukijaa asilimia 100 na una foleni, bei yako iko chini, pandisha kidogo kwa wateja wapya na uache vyumba vichache wazi, manake ukimkosesha mtu leo harudi, shida yake ni ya leo. Kwa wateja wa zamani panda taratibu, wape taarifa ya maandishi mapema kama mkataba unavyosema, na usipandishe vyumba vyote mwezi mmoja. Ofa ya "mwezi wa kwanza bure" siipendi sana, inavuta watu wanaokaa mwezi huo mmoja na kupotea. Bora umpunguzie mwezi wa tatu, huyo anakuwa ameshalipa miwili.

Mkataba

Tafuta wakili auandike au aupitie, gharama yake ni ndogo kuliko kesi moja. Sheria zinatofautiana sana, kwa mfano Marekani karibu majimbo yote yana sheria maalum inayosema mwenye stoo afanyeje mteja asipolipa, kwingine hamna sheria ya hivyo na unategemea mkataba wako na mahakama. Kwaiyo usikopi mkataba wa mtandaoni wa nchi nyingine ukabadilisha jina la kampuni.

Kitu cha kwanza kiandikwe wazi kwamba unampangishia nafasi, hujapokea mali yake, kufuli ni lake na ufunguo ni wake. Kodi inalipwa mwezi kwa mwezi na tarehe ipi, dipoziti ni kiasi gani na inarudi kwa masharti gani, akitaka kuhama anatoa notisi ya siku ngapi, akichelewa kuna faini gani na baada ya siku ngapi. Nani mwingine anaruhusiwa kuingia, aandikwe jina na asaini, mtu asiyeandikwa hafunguliwi geti hata akija na ufunguo mkononi.

Vitu vilivyokatazwa viorodheshe kwa majina, usiandike tu "vitu hatari". Mitungi ya gesi, petroli na dizeli, rangi na tina, kemikali, baruti, silaha, matairi mengi, chakula kinachooza, wanyama, mali ya wizi, fedha taslimu na vito. Pikipiki na jenereta viingie tanki likiwa limemwagwa mafuta. Hakuna kulala, hakuna kufanyia kazi za ufundi ndani. Mzigo usifike darini, kama kuna mfumo wa maji ya kuzimia moto acha kama nusu mita chini yake, vinginevyo maji hayatasambaa.

Na bima. Bima yako wewe inahusu jengo lako na madai dhidi yako, vitu vya mteja havimo. Mwambie hivyo kwa mdomo siku ya kwanza, afu asaini kwamba ameambiwa, alete nakala ya bima yake au aandike kwamba amechagua kukaa bila bima. Weka pia kikomo cha thamani ya vitu anavyoruhusiwa kuweka. Watu wengi wanaruka hii sehemu kwa sababu inamtisha mteja, ila siku paa likivuja hilo karatasi ndio litaongea.

Siku ya kuingia chukua nakala ya kitambulisho, picha yake, anuani anayoishi, namba mbili za simu, na namba ya mtu wa pili ambaye hakai naye nyumba moja. Huyo mtu wa pili ni muhimu kuliko unavyodhani, mteja akibadilisha laini ndio njia pekee iliyobaki.

Asiyelipa

Hapa ndipo biashara inapopona au inapokufa, kwaiyo nitakaa kidogo.

Mteja wa stoo akichelewa hana presha kama mpangaji wa nyumba, vitu vyake viko salama, halali nje. Asipokumbushwa anasahau kweli. Kwaiyo uwe na ratiba moja kwa wote, isiyotegemea kama unampenda au humpendi. Mfano, siku tatu kabla ya tarehe unatuma meseji ya kukumbusha. Siku ya tano baada ya tarehe unampigia. Siku ya kumi faini inaingia. Siku ya kumi na tano unazuia asiingie, yani namba yake ya siri ya kufungulia geti inazimwa na unaweka kufuli lako juu ya lake, la rangi tofauti ili mlinzi alione kwa mbali. Siku ya thelathini inaenda notisi rasmi ya maandishi kwa njia ambayo mkataba na sheria vinataka, na unamtaarifu yule mtu wa pili kwamba tunamtafuta fulani, bila kumtajia deni.

Meseji iwe ya heshima na fupi: "Habari za leo ndugu, kodi ya stoo namba 14 ilikuwa tarehe 1 na bado hatujaiona kwenye akaunti. Kama umeshalipa tutumie risiti tuiweke sawa. Kama kuna changamoto tupigie kabla ya tarehe 10 tuongee." Usitishie kwenye meseji, zinatunzwa na zinasomwa mbele ya hakimu.

Akija na nusu ya hela usiipokee kimyakimya. Sehemu nyingine kupokea nusu kunaweza kuvuruga notisi uliyokwisha kutoa ikabidi uanze upya, kwaiyo muulize wakili wako, na ukipokea andikeni makubaliano mapya na tarehe, wote msaini.

Mnada ni njia ya mwisho na watu wanaupenda kwa sababu wameona kwenye televisheni stoo zinafunguliwa inatoka dhahabu. Kwenye maisha ya kweli unafungua unakuta godoro, viatu na feni iliyovunjika, na gharama ya tangazo na dalali inazidi deni. Kabla hujafika huko mpigie mteja umpe njia ya kutoka: toa kila kitu mpaka Jumamosi, acha pamefagiliwa, deni nalisamehe au nalikata nusu, tuandikishane. Inauma, lakini unachotaka wewe ni chumba, sofa lake la nini? Chumba kikipangwa Jumatatu umeshaanza kurudisha.

Ikibidi kuuza, fuata kila hatua ya sheria ya kwenu, notisi, muda, tangazo. Ukikata kufuli uwe na mashahidi wawili, piga picha kufuli kabla na baada, piga picha chumba kutoka mlangoni bila kuchokonoa maboksi, andika vinavyoonekana, weka kufuli jipya na namba yake iandikwe. Vyeti, hati, picha za familia, majivu ya marehemu, vitu vya hivyo vitenge umrudishie mwenyewe, havina mnunuzi na vina kesi. Wewe na wafanyakazi wako na ndugu zenu msinunue kitu. Bei ikizidi deni na gharama, chenji ni ya mteja.

Ulinzi na mizunguko ya kila siku

Kamera ni nzuri ila kinachokamata mambo mapema ni mtu kupita kila korido kila asubuhi akigusa makufuli kwa mkono. Anatafuta chumba kisicho na kufuli, kufuli lililobadilika, alama za kukatwa, harufu, maji, siafu, kinyesi cha panya. Anaandika kwenye daftari tarehe na saa. Chumba kikiwa wazi na kina mzigo weka kufuli lako na mpigie mwenyewe saa hiyohiyo, wengi wamesahau tu kufunga.

Mwizi wa stoo mara nyingi haruki ukuta. Anapanga chumba kwa jina la uongo, anaingia getini kihalali, afu anavunja cha jirani jioni na kubeba mzigo mpaka kwenye chumba chake kwanza. Ndio maana kitambulisho na picha ya siku ya kwanza havina mjadala, na geti liandike nani kaingia saa ngapi katoka saa ngapi. Uza makufuli mazuri hapo ofisini, yale ya duara ambayo shingo yake haionekani, mkasi wa vyuma hauyashiki kirahisi kama yale ya kawaida. Hapohapo uza na maboksi, tepu, nailoni za kufunikia, faida yake ni ndogo lakini mteja anafurahia kupata kila kitu sehemu moja.

Wizi mwingine uko ofisini kwako. Mfanyakazi anapangisha chumba ambacho kwenye daftari ni kitupu, hela inaingia mfukoni kwake. Dawa yake ni rahisi: malipo yote yaende kwenye akaunti ya biashara, taslimu usipokee, vyumba vitupu vyote vikae na kufuli lako lenye lakiri ya namba, yani kile kifungio kinachokatika mtu akifungua, na mara moja kwa mwezi pita wewe mwenyewe bila kutoa taarifa ukilinganisha daftari na milango. Kwa vyumba 30 au 40 jedwali la Excel linatosha kabisa, ukipita hapo tafuta programu ya stoo inayotuma meseji na kuzima namba za geti yenyewe.

Kesi za ajabu ajabu

Mteja akifariki ndugu watakuja, wakati mwingine makundi mawili siku tofauti, kila moja lina hasira. Usimfungulie yeyote kwa maneno, subiri karatasi za msimamizi wa mirathi, mpaka hapo chumba kinabaki kimefungwa na kodi inaendelea kuhesabiwa. Toa pole, eleza utaratibu, basi. Wanandoa wakigombana, anayehusika ni aliyesaini na waliomo kwenye orodha yake, mwenzake asiyekuwemo hata akilia getini haingii, na usimwambie kilichomo manake hukijui. Polisi wakija omba hati ya upekuzi, ipige picha, andika jina na namba ya ofisa, waache wafanye kazi yao wewe ukiwepo. Ukisikia harufu ya gesi au ukaona moshi hiyo ni dharura, unafungua mara moja, na mkataba wako uwe umesema hivyo.

Mteja anapohama

Mkumbushe siku kadhaa kabla kwamba achukue kila kitu, wengi wanaacha magodoro na mbao wakidhani ni zawadi, na kuzitupa ni hela yako. Kagueni pamoja chumba kikiwa kitupu, atoe kufuli lake, mpige picha, asaini kwamba ametoka tarehe fulani. Bila hiyo saini unaweza kukaa mwezi mzima hujui kama mtu yupo au hayupo. Dipoziti rudisha siku hiyohiyo kama hakuna uharibifu, usimzungushe, huyo ndio atamwambia jirani yake anayehama. Fagia, angalia unyevu kwenye kona, paka mafuta reli za mlango, weka kufuli lako na lakiri mpya, afu kabla ya jioni chumba kiwe kimerudi kwenye orodha ya vilivyo wazi.